Kijerumani cha Bibi Kantengwa

Bibi Kantengwa, ambaye hata Kiswahili anakisikia kwa shida, alikuwa ameanza kuelewa Kijerumani. Evangelina akimwinamia kitandani na kumwambia sentensi ile ile ngumu, bibi anainua mikono yote miwili na kumkumbatia mjukuu wake shingoni.

"Unamfundisha mama yangu au unamchosha?" Polikarpi aliuliza mlangoni.

"Najizoeza, baba. Ulimi umekuwa mzito."

Haukuwa uongo. Tangu chuo kikuu kifute somo la fasihi ya Kijerumani na kumwambia Daktari Evangelina kwamba mkataba wake hautaongezwa, hakuwa na mtu wa kuongea naye lugha hiyo. Wanafunzi wa siku hizi walitaka Kijerumani cha kupandia ndege, si cha mashairi. Alikuwa amerudi nyumbani Kamuli na maboksi ya vitabu, akayapanga juu ya magunia ya kahawa. Asubuhi hii alikuwa na usaili wa simu na watu wa Ujerumani. Vyuo vyote alivyoomba vilikuwa vimemkataa. Hawa nao wakimkataa, kilichobaki ni jembe.

Polikarpi alishatangaza kwenye jumuiya kwamba binti yake anakwenda kuwafundisha Wajerumani Kijerumani.

"Polikarpi," jirani yake Placidius alimwambia mbele ya watu wote, "hiyo si sawa na Mzungu kuja kutuuzia ndizi hapa Kamuli?"

Watu walicheka. Polikarpi hakucheka. Leo alikuwa amemwalika Placidius aje asikie kwa masikio yake.

Sebule ilikuwa tayari. Mackrine, mama yake Evangelina, alikuwa amefua vitambaa vya makochi na kufuta vumbi kwenye picha ya mahafali.

"Kaa hapa, picha ionekane nyuma yako."

"Nitaongelea chumbani kwa bibi."

"Kwenye mabeseni na dawa za kuchua?"

"Mtandao unashika vizuri kule, mama."

"Jana uliongea na simu hapa hapa mpaka ikaisha chaji."

Mackrine akamkagua kuanzia juu hadi chini. Kucha alikuwa amezikata karibu na nyama. Miguuni alivaa raba.

"Daktari na raba?"

"Nataka nisimame vizuri."

"Basi tumtoe bibi humo. Atakohoa, akuharibie."

"Mwacheni," Evangelina alisema, kwa sauti kali kuliko alivyokusudia. "Akiwepo sitetemeki."

Mackrine akakunja kitambaa alichokuwa ameshakikunja. "Na huyo Nikuze aliyekutafutia nafasi, si ndiye yule mwanafunzi wako wa Kanoni uliyemfelisha mashairi?"

"Ndiye."

"Basi hana kinyongo. Wewe ungekuwa nacho."

Simu ikaita. Evangelina akakimbilia chumbani, lakini baba yake alikuwa ameshafika mlangoni, na Placidius nyuma yake, kofia mkononi.

"Sisi tutakaa pembeni," Polikarpi alisema. "Hatutakohoa hata mara moja."

"Baba, hapana."

"Nimemwita mtu, Evangelina."

"Baba, nakuomba. Leo tu."

Akafunga mlango, akasukuma komeo. Polikarpi akabaki amezikodolea macho mbao za mlango. Tangu azaliwe, mtoto huyo hakuwahi kumfungia mlango.

Ndani, mwanamke mwenye mvi na miwani alijitokeza kwenye simu. Aliuliza amefundisha wapi, amefundisha nini, kwa nini ameacha. Evangelina alijibu yote. Alianza kwa kigugumizi, kisha lugha ikamrudia, ikamtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa.

Nje, Polikarpi alibandika sikio mlangoni. Uso wake ukakunjuka.

"Unasikia, Placidius? Hata mate hamezi."

"Nasikia."

"Sasa ziko wapi ndizi zako?"

Placidius akageuza kofia yake mkononi. "Nimekosa, mzee mwenzangu. Mtoto anajua."

Mackrine peke yake ndiye aliyekuwa bado amesimama mbali, akiitazama picha ya mahafali.

Kwenye simu, yule mwanamke akainua mkono kumkatisha.

"Daktari, Kijerumani chako ni kizuri kuliko changu. Kimetosha. Lakini sisi hapa tunalea wazee, na wengine ni wazito. Huyo aliye nyuma yako yuko tayari kunyanyuliwa?"

Evangelina akaiegemeza simu dirishani, akakunja mikono ya blauzi, akainama na kuisema ile sentensi.

Bibi Kantengwa akainua mikono yote miwili.