Tairi Lisilo na Chaki

Mwalimu wa mafunzo ya kazini alikwisha kutia saini, na mteja alikwisha kuwasha gari, binti waliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi alipoona tairi la nyuma halina chaki.

Katika gereji ile kila nati ikikazwa hupigwa alama ya chaki. Isiyo na alama haijakazwa, basi. Matairi matatu yalikuwa na madoa meupe. La nne, alilolifunga yeye, lilikuwa jeusi tii.

Alitia mkono mfukoni. Kipande cha chaki kilikuwa kimelalia karatasi yake ya tathmini, iliyoandikwa AMEFAULU. Tangu Chiriku aache shule kidato cha tatu, mama yake alikuwa akiingojea karatasi hiyo kwa hamu kuliko yeye mwenyewe.

Gari likaanza kurudi nyuma.

"Simama! Zima gari!"

Akapiga magoti, akashika nati ya kwanza kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

Mteja alishuka, akachungulia. Mwalimu akasogea. "Nani kafunga tairi hili?"

Fundi mkuu, aliyemfundisha Chiriku mwaka mzima, akakohoa. "Unajua, mwalimu, hapa tunashika kazi watu wengi, sasa ukisema nani..."

"Ni mimi," alisema Chiriku, na kwa mara ya kwanza gereji nzima ikamsikia akiishia hapo.

Akatoa vyote viwili mfukoni. Karatasi akamrudishia mwalimu. Chaki akaiweka sakafuni kando ya tairi, akanyoosha mkono aletewe spana.