Mzee wa Benchi la Mbele

Mzee alisonya tena.

Chiriku alikuwa katikati ya sentensi, kipaza sauti mdomoni, akiutafsiria ukumbi maneno ambayo jasusi alimwambia adui yake kabla ya kumtupa nje ya dirisha.

"Ndugu abiria, tafadhali tumia mlango ulio karibu nawe!"

Watu waliangua kicheko, wakapiga mabenchi kwa viganja. Mzee wa benchi la mbele hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonjeshwa maziwa yaliyochacha.

Mashabiki walikuwa hawaichoki filamu ile. Jasusi alivaa suti nyeupe, akapigana bila kuchafuka, na kila alipomwangusha mtu alinyoosha tai yake kwanza ndipo akamgeukia mwingine. Siku hizi vijana walikuja ukumbini wamejifunga tai zilizokatwa kwenye mapazia ya mama zao. Vichekesho vyote walivijua, wakavitamka hata kabla Chiriku hajafungua mdomo.

Chiriku aliwadharau. Watu hawa wangemshangilia hata mbuzi, mradi avae tai. Maneno waliyokwenda wakiyaimba njiani hayakuwa ya jasusi, yalikuwa yake yeye. Lugha ya filamu hakuijua hata ya kuombea maji. Alitazama midomo ikicheza, akatunga, na miaka yote hiyo hakuna aliyemgundua, kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi yake.

Hadi alipokuja huyu mzee.

"Shikamoo, mzee wangu," Chiriku alimwamkia mlangoni siku ya kwanza. Mzee akampita kama anayepita nguzo.

"Mwache," alisema mama mwenye ukumbi. "Huyo kaishi ng'ambo, kulekule zinakotoka filamu. Kafanya kazi huko mpaka mvi zikamwota." Kisha akashusha sauti. "Na wewe ujiangalie. Ukumbi wa jirani wanasema unatunga. Mimi siijui lugha hiyo, siwezi kukuhukumu. Lakini siku nikijua ni kweli, kipaza sauti nampa mwingine."

Kipaza sauti hicho ndicho kilichomlisha Chiriku, mkewe na mapacha wao. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala hakuwahi kujifunza.

Tangu siku hiyo alimchunga mzee kuliko alivyoichunga filamu. Mzee alikuwa akikaa kando ya spika kubwa, mahali ambapo wengine wote walipakimbia kwa kelele. Hataki apitwe na neno, Chiriku aliwaza. Siku moja benchi la nyuma lilivunjika kwa kishindo, watu wakaenda chini kama magunia, ukumbi mzima ukageuka. Mzee hakugeuza hata shingo. Macho kwenye filamu, kichwa kinatikisika. Ana dharau huyu, Chiriku alijisemea. Sisi sote kwake ni inzi.

Leo hali ilizidi. Jasusi alisimama mbele ya mkuu wake, mwanamke mwenye miwani, wakazungumza kirefu bila ngumi hata moja. Chiriku akatunga kwamba mkuu anamgombeza kwa kupiga pasi badala ya kupiga maadui.

"Mkuu, adui anaweza kungoja," alisema kwa sauti nzito ya jasusi. "Mkunjo haungoji!"

"Mkunjo haungojiii!" waliitikia mashabiki, wakanyoosha tai zao za mapazia.

Mzee akasonya. Akaielekezea filamu kidole, akakitikisa: hapana, hapana. Kisha akamgeukia aliyekaa nyuma yake na kubetua midomo, kana kwamba anamuuliza, nawe unauona upuuzi huu?

Mama mwenye ukumbi alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalitoka kwa mzee, yakatua kwa Chiriku, yakabaki hapo.

"Haya!" Chiriku alifoka ndani ya kipaza sauti. "Haya, mzee, umeshinda! Wiki nzima unanitikisia kichwa kama mjusi ukutani. Ndiyo, natunga! Sijui hata neno moja la watu hawa! Na nyie mnaoshangilia, nani kati yenu aliwahi kuniuliza? Mnameza tu, kama vifaranga!"

Ukumbi ukanyamaza. Jasusi na mkuu wake waliendelea kuzungumza kwa lugha yao. Ilikuwa mara ya kwanza watu wale kuisikia.

Kisha wakaanza kuzomea. Tai za mapazia zikaruka hewani.

"Mwongo!"

"Na sisi tulikuwa tunakariri, kumbe uzushi!"

Mama mwenye ukumbi akapita katikati ya mabenchi, akanyoosha mkono. Chiriku akamkabidhi kipaza sauti.

"Nenda nyumbani, baba," alimwambia. "Na kesho usije."

Filamu ikazimwa. Watu wakatoka wakisukumana na kulaani. Mzee peke yake alibaki ameketi, akikikodolea macho kile kitambaa cheupe ukutani. Chiriku akaenda kusimama nyuma yake, ngumi amezikaza.

"Umefurahi sasa? Umenitoa tonge mdomoni, umefurahi?"

Mzee hakumjibu, wala hakugeuka.

Hapo akaingia bibi mmoja mwenye mkoba, akaja moja kwa moja hadi benchi la mbele na kumgusa mzee begani. Mzee akageuka, uso ukamchangamka, akaanza kuchezesha vidole harakaharaka. Bibi naye akamjibu kwa vidole, akacheka.

"Utamsamehe mume wangu, mwanangu," alimwambia Chiriku. "Alikuwa fundi wa suti. Anauliza mbona mmezima. Anasema bega la kushoto la koti la yule bwana limepinda, na wiki nzima anashangaa kwa nini hakuna mwingine anayeliona."