Mkazi wa Chumba Namba Tisa

Ilikuwa siku ya nne Eleuterio Yarlequé anakwenda chooni mbio, amevaa koti na tai, pasipoti mfukoni. Choo kilikuwa mwisho wa ua, mlango wa barabarani mwisho wa pili, na katikati vyumba kumi na vinne. Akarudi huku anafunga mkanda, akakaa tena kwenye kiti chake kando ya mlango wa barabarani.

"Huyo rafiki yako ana mguu mmoja, au?" Mama Eulogia akamuuliza kutoka kwenye karo ya kufulia. "Tangu Jumatatu yuko njiani!"

"Atakuja," Eleuterio akajibu.

"Akija aje na mkaa. Baridi ya Buenos Aires haiogopi tai."

Wapangaji wakaangua kicheko. Eleuterio naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Hakukuwa na rafiki; hayo ndiyo aliyowaambia majirani tu. Aliyemngoja ni askari wa kituo cha mtaa. Kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi, alitakiwa kufika uhamiaji na faili kamili, na faili lilipungukiwa karatasi moja tu: hati ya makazi. Hati hiyo haitolewi mpaka askari aje mwenyewe, aone kwa macho yake kwamba mtu kweli anakaa pale alipoandika. Atakuja lini? "Wiki hii," walimwambia kituoni, bila hata kuinua uso. Akimkosa, miadi ya uhamiaji imekufa, na ya kuifuata ni baada ya miezi minane.

Miezi minane! Kule Catacaos, kwao Peru, mkewe Nélida alikwisha kuuza mbuzi wote, anahesabu siku za kumfuata. Na Eleuterio, mwenye miaka hamsini na sita, alikuwa amechoka. Amechoka kubeba makreti ya viazi sokoni, amechoka kulipwa nusu kwa kuwa hana kitambulisho, amechoka kuitwa "wewe Mperu" na watoto wa kuwazaa. Sasa hata makreti hayakuwapo tena. Kwa siku hizi nne, msimamizi alikwisha kumpa nafasi yake mtu mwingine.

Kuwaambia majirani ukweli hakuthubutu. Karibu nyumba nzima haikuwa na karatasi. Mwezi uliopita kofia ya polisi ilionekana tu kwenye kona. Fermín, yule Mbolivia wa chumba cha tatu, akapiga mluzi, na ua ukabaki mtupu, masufuria yakiungulia motoni. Mtu wa kualika askari kwenye nyumba kama hiyo angetupiwa virago nje siku hiyo hiyo.

Mchana ulipogeuka, kichwa kilianza kumwangukia kifuani. Tangu Jumapili hakuwa amepata usingizi wa maana. Mara mbili nusura aanguke na kiti.

Mama Eulogia akaacha nguo zake, akamletea kibuyu cha chai chungu na mrija wake.

"Kunywa, halafu ukalale."

"Siwezi, mama."

"Mzee, usibishane na mwanamke aliyezika waume wawili. Mimi niko hapa hapa nafua. Mtu akigonga, wa kwanza kumwona ni mimi. Anaitwa nani huyo rafiki?"

Eleuterio akasita. "Jina lake silijui."

"Ha! Basi ni mwanamke!"

"Mama, mtu yeyote akiniulizia, niamshe. Yeyote yule."

"Nenda bwana, nenda. Unalala umekaa."

Akaenda chumbani kwake, namba tisa. Akajitupa kitandani na viatu vyake, na tai yake, ili akiitwa asimkawize mtu.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limekwisha kuondoka dirishani. Akaruka, akausukuma mlango. Ukagota. Kuna mtu alikuwa ameegemeza ngazi kwa nje, na ndoo za rangi chini yake. Akasukuma kwa bega mpaka akapata upenyo.

Uani wapangaji wote walikuwa wamesimama. Hakuna aliyecheka. Fermín alikuwa ameegemea mlango wa barabarani kwa mgongo. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

Wamejua, Eleuterio akawaza.

"Alikuja?"

"Alikuja," akasema Mama Eulogia. "Askari, na kofia yake na daftari lake. Akataja jina lako lote, la baba na la mama."

"Jamani, nisameheni. Sikuwa na njia nyingine. Kama ingekuwepo—"

"Nyamaza." Mama Eulogia akamshika mabega kwa mikono iliyojaa povu. "Ulichofanya usituambie. Humu hatuulizani. Kumbe ndiyo maana siku nne umekodoa macho barabarani kama swala! Si ungesema tu, mzee? Sisi ni watu wa kufichwa?"

"Mama... mlimwambia nini?"

Uso wa Mama Eulogia ukachanua. Nyuma yake wapangaji nao wakaanza kutabasamu, mmoja baada ya mwingine.

"Aligonga chumba kwa chumba, na chumba kwa chumba akapewa jibu moja. Namba tisa tukamwambia ni stoo. Akakaza, akataka mashahidi wawili wenye vitambulisho. Humu tunavyo mimi na Fermín tu. Tukatia sahihi sote wawili."

Fermín akaondoka mlangoni, akaja kumpiga Eleuterio kofi la kirafiki mgongoni.

"Kalale kwa amani, mzee. Ameandika kwa wino, tunamwona: mtu huyo hakai hapa, wala hajawahi kukaa."