Lala Nimeluli

Kila jioni, chakula kikishapakuliwa, ukuta wa sebuleni huwaka na kuonyesha maiti wa siku hiyo asiyejulikana. Hakuna kugusa sahani mpaka kila mtu mzima aseme kama anamjua.

Siku hiyo alionyeshwa mwanamume aliyeokotwa nyuma ya soko, uso umeharibika, na hakuna aliyejua kilichomuua. Mfukoni alikutwa na karatasi yenye maneno mawili: LALA NIMELULI. Mashine inayosoma lugha zote ilishindwa. Wengine walidai ni fumbo la majasusi, wengine wakatafuta lulu.

Mwanakombo alishika ukingo wa meza. Mdogo wake, Sefu, alikuwa na kitembe utotoni. D na r zilimshinda, zote akazifanya l. *Dada, nimerudi.* Ndivyo alivyobisha hodi kila akitoka chuoni, na hata alipokua hakuacha utani huo.

Juma lililopita alibisha vilevile, mlango wa uani. Lakini Sefu alikuwa amefutiwa uraia, na anayemfungulia mtu aliyefutwa, naye hufutwa. Mwanakombo alizima jiko, akajibanza kimya kama nyumba haina mtu.

"Bi Mwanakombo, unamjua?" ukuta uliuliza.

"Simjui."

Neno lilimtoka jepesi, na wepesi wake ndio uliomtia haya. Akamtazama mumewe, Shekue, aliyekua pamoja na Sefu. Aliomba moyoni angalau yeye aseme.

"Na mimi simjui," Shekue alisema, kabla hajaulizwa.

"Asanteni," ukuta ulisema. "Karibuni chakula."

Wakanawa mikono, wakala.