Masharubu Hutangulia

Mtunza panya wa maabara alikuwa kwenye picha ya mia mbili na sita, akiisogeza video pole pole kwa kidole, Daktari aliposimama nyuma yake.

“Bibi Panya, bado tu saa hizi? Hizo video futa zote. Masharubu yamekwenda pogo, panya huyo ameumia.”

“Hajaumia, Daktari. Mimi ndiye ninayemlisha.”

Alikuwa na miaka sita ya kusafisha vizimba, na kompyuta alijifundisha mwenyewe saa za mapumziko. Video zingefutwa, alichokigundua kingepotea nazo.

“Tazama,” alisema kwa upole. “Masharubu ya kushoto yamelala nyuma, ya kulia yamejitupa mbele. Kichwa bado kimenyooka. Atageukia kushoto.”

“Acha uganga wako.”

“Basi sogeza mwenyewe.”

Daktari akabonyeza. Picha moja, mbili, tano. Kwenye ya sita, pua ikaanza kwenda kushoto.

Akafungua video nyingine, akaisimamisha mapema. “Na hapa?”

“Kulia.”

Akabonyeza. Kulia.

Daktari aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akiangalia nywele nyembamba kama uzi zikikitangulia kichwa kizima.

“Nani mwingine anajua jambo hili?”

“Panya.”

Daktari akacheka, kisha akavuta kiti chake mwenyewe, akamwekea. “Kaa. Ripoti itaanza na jina lako.”

Mama wa watu akaketi, mgongo wima, akafungua daftari ukurasa mpya.

“Video mbili si ushahidi, Daktari,” alisema. “Zimebaki thelathini na nane. Njoo kesho asubuhi, tuendelee.”