Ndege ya Kirit

Bawa la kindege halikuwa limevunjika, lilikuwa limevunjwa. Wamalwa alilijua hilo mara tu alipoligusa. Jumamosi iliyopita yeye na Mzee Pradeep walikuwa wamelitia gundi, wakalivika karatasi laini, wakalipaka rangi nyekundu. Leo lilikuwa limepinda katikati, kama kijiti kilichokandamizwa juu ya goti la mtu.

"Labda ni paka," Pradeep alisema bila kumtazama, akaanza kubandua karatasi.

Wamalwa alimsaidia. Alikuwa fundi wa reli, amehamishiwa Nakuru mwaka ule wa sabini na tatu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: vindege vya nyaya, ndege ndogo za kuchezea. Mtu husimama katikati ya uwanja ameshika mpini, nyaya mbili nyembamba zikaenda mpaka kwenye kindege, na injini ndogo ikalia kama nyigu huku kindege kikimzunguka. Aliviokota kwenye minada ya Wazungu waliokuwa wakihama mashamba ya Njoro na Molo, akavifufua kimoja kimoja katika chumba chake pale Bondeni. Injini zile zilitaka mafuta ya nyonyo, na mkewe Truphosa alilalamika kwamba siku hizi hata ugali unanuka nyonyo.

Lakini hakuna alichokipenda kama hiki cha Pradeep, mzee mwenye duka la vitambaa. Kilikuwa cha Kirit, mtoto wake wa pekee. Habari hizo alizipata kwa Mama Shanta, mke wa mzee. Mama alimweleza kwamba Kirit alikwenda Uingereza kusoma, na asubuhi ya kuondoka alimwachia baba yake kindege kikiwa kibovu, akacheka, akasema kikipona atarudi kukirusha. Mama alisimulia hayo kila Jumamosi, na kila Jumamosi alimuuliza Wamalwa anaitwa nani. Wamalwa alijiambia, uzee ndio huo.

Mama hakukosa kuchungulia mlangoni na kuuliza kama ndege imekuwa tayari.

"Bado kidogo," Pradeep alimjibu.

Naye alirudi jikoni ameridhika, akiimba kwa sauti ya chini.

Kilichomshangaza Wamalwa ni mikono ya yule mzee. Ilikuwa mikono ya fundi hasa, na bado kazi haikuisha. Leo bawa, kesho nyaya zimekatika, keshokutwa tangi linavuja. Kisha Jumamosi moja alirudi kuchukua kofia aliyoisahau, na kupitia dirishani akamwona Pradeep ameshika mkia wa kindege kwa mikono miwili, uso kaugeuza ukutani, anauvunja polepole.

Wamalwa aliondoka bila kofia.

Nyumbani alimwambia Truphosa kwamba sasa ameelewa. Mzee aligombana na mwanawe, hataki arudi, na anamfanya mama wa watu angoje bure. Truphosa alimkanya. Alisema mambo ya nyumba ya mtu yaachwe na mwenye nyumba.

Lakini Wamalwa naye alikuwa na lake. Mama yake kule Bungoma alikuwa amemngoja aje likizo, naye akaahirisha, akaahirisha tena, mpaka alipofika akaonyeshwa kaburi. Hakuweza kumtazama mama mwingine akingoja.

Kwa hiyo Pradeep alipokwenda Nairobi kununua vitambaa, Wamalwa alienda kumwomba Mama Shanta kile kindege. Mama alimkabidhi kwa mikono miwili. Jioni baada ya jioni Wamalwa aliunga mkia, akanyoosha bawa, akasafisha injini mpaka ikawaka kwa mguso mmoja.

Jumapili alikipeleka kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba ya Pradeep. Mama aliketi kitini, upepo ukileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani. Injini ilishika. Kindege kilikimbia nyasini, kikainuka, kikawa mduara mwekundu unaozunguka na Wamalwa katikati yake, nyaya zikimvuta mkono kama mnyama anayetaka kwenda. Mama alisimama, akaziba mdomo kwa viganja, machozi yakamtoka.

Wamalwa alikuwa hajawahi kujisikia mwema namna ile.

Kindege kilipotua, mama aliingia ndani kwa haraka. Alitoka amevaa sari ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, amejipaka wanja machoni, akaenda kukaa langoni. Wamalwa alimuuliza anamngoja nani.

"Kirit. Ndege imepona."

Wamalwa alimweleza kwa upole kwamba Uingereza ni mbali, kwamba labda aandikiwe kwanza. Mama alimpapasa shavu, akamuuliza anaitwa nani, akarudisha macho barabarani.

Alikuwa bado amekaa hapo teksi ilipomleta Pradeep. Mzee alishuka na mzigo wake, akaitazama ile sari. Kisha akakiona kindege mikononi mwa Wamalwa, kizima. Wamalwa alijiandaa kutukanwa, na maneno yake ya kujibu alikuwa nayo tayari.

Pradeep hakumtukana. Aliweka mzigo chini, akamsogelea, akasema kwa sauti ambayo mama hangeisikia:

"Kirit hakufika Uingereza. Hakufika hata Nairobi, gari alilopanda lilipinduka Gilgil asubuhi ile ile, na mimi ndiye niliyewasha kuni za kuchomea maiti yake. Kila nikimwambia mama yake, analia kama ndiyo mara ya kwanza kusikia, na kesho yake amesahau, ananiuliza tena. Ndege ikiwa mbovu, angalau anangoja kwa amani." Alimshika Wamalwa bega, akamgeuza taratibu kuelekea langoni. "Leo mwambie wewe."