Kaa la Mbodze

Uliona moto ukizimwa katika msitu mtakatifu wa Mwarenge, ukageuza uso. Usijifanye hukuona.

Zamani kiberiti kilikuwa mwiko msituni humo. Aliyetaka moto aliuomba kwa jirani, akabeba kaa kwenye kigae, na ndiyo maana hata walionuniana walipatana kabla maji ya ugali hayajachemka. Sasa sheria imekataza moto wote. Ndege wa chuma wanazunguka juu ya miti wakinusa moshi, na kila nyumba imepewa sufuria inayochemka yenyewe.

Mbodze alikuwa amefukia kaa moja majivuni, moto wa nyanya zake, ampe bintiye Sidi siku ya kuolewa kama yeye alivyopewa.

"Mama, sufuria si inapika?" Sidi aliuliza siku hiyo ilipofika.

"Inapika, mwanangu, lakini nani atakuja kuiomba? Baba yako nilimjua kwa kuomba moto. Kila jioni, eti kwao umezimika! Nikamwuliza, nyumba gani hiyo, inanyesha ndani?"

Sidi akacheka, akakinga kigae. Mbodze akalichukua kaa kwa koleo, na kwa mazoea akalipuliza, maana kaa halitolewi bila pumzi ya mama. Moshi ukapanda, mwembamba kama uzi. Ndege mmoja akashuka, akalitemea kaa povu, likazimika, akaenda zake.

Sidi alibaki na kigae mkononi, hajui aondoke nacho au akiweke chini.

Wewe, kama kwenu bado kuna kaa, inuka sasa hivi umpelekee. Na usilipulize njiani.